Mama Mkwe na Jina la Alojzy

Mama mkwe wangu, Leokadia, alishona mapazia na nguo za maharusi katika mji wetu wa Skórcz kwa miaka arobaini, akamzika mumewe, akamwoza binti yake wa pekee kwa mtu asiyemstahili (mtu huyo ni mimi, na maneno ni yake), na muda wote huo sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Mbwa wa jirani walimkwepa. Padri alifupisha mahubiri akimwona anatazama saa. Lakini kila Julai tukielekea baharini Krynica Morska, gari likikaribia Sztutowo, mwanamke huyohuyo aliinamia mkoba wake akaanza kutafuta. Leso, miwani, peremende, sijui nini. Alitafuta mpaka kambi ya zamani ya mateso, ambayo sasa ni makumbusho, ilipopita upande wa kushoto, kisha akaufunga mkoba bila kutoa chochote. Mimi nilidhani ni huzuni. Kumbe ilikuwa hofu.

Baba yake, Alojzy, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Septemba ya mwaka thelathini na tisa, Wajerumani walipoivamia nchi yetu, alitoweka. Mkewe Wiktoria alisema kwamba wanaume wawili walimchukua karakanani mchana, wakampeleka kwenye kambi ya mateso ya Stutthof, kama Wajerumani walivyoiita Sztutowo, na huko akafa. Hakuna mwingine aliyeona. Na wiki hiyohiyo alitoweka pia Irmgard, binti wa mwoka mikate, Mjerumani, mzuri wa kupindukia. Mji mdogo hauhitaji zaidi ya hapo kusema wametoroka pamoja. Leokadia alikuwa na mwaka mmoja tu, na alikua akisikia mazungumzo yakikatika kila alipoingia dukani.

Kwetu, Siku ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, kila mtu huwasha mishumaa juu ya makaburi ya watu wake. Ambaye wafu wake wamelala mbali huweka mshumaa chini ya msalaba mkubwa wa makaburini. Leokadia aliweka wa baba yake hapo kila mwaka, na aliniambia baadaye kwamba kila mwaka aliomba kwa tahadhari: "Ee Mungu, mpumzishe, kama amekufa. Kama yuko Hamburg anakula keki, mpe mshumaa huu marehemu yeyote aliye karibu."

Wiktoria alikataa katakata watu kwenda kuuliza kambini. Alisema ukiuliza utajibiwa. Alifariki Kwaresima ya mwaka 2005, ana miaka tisini na minne, na mchonga mawe akataka maandishi ya kaburi kabla ya Novemba. Je, aweke na jina la mume, kama wengi kwetu wafanyavyo, na chini yake "alifia Stutthof"? Leokadia alimwambia asubiri. Fundi wa watu akasubiri Aprili, Mei, Juni.

Julai tukafunga safari kama kawaida. Tulipokaribia Sztutowo mkoba haukufunguliwa.

"Zenon," aliniambia kutoka kiti cha nyuma, "hapo mbele kata kushoto."

"Vumilia kidogo, Mama, kuna kituo cha petroli si mbali, kina choo kizuri."

"Nani ametaja choo?"

Mke wangu, Danuta, ambaye mama yake humwita Danka, aligeuka. "Mama, usijitese. Andika tu jina la babu. Nani atakuja kukuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe, kila nikienda kulisugua hilo kaburi."

"Na wakikosa jina lake?"

"Basi mama yangu alinidanganya maisha yangu yote, na mimi nimemwombea mhuni. Siwezi kuchonga uongo kwenye jiwe, Danka. Kata, Zenon!"

Nikakata. Nikaegesha gari. Hakushuka. Alifungua kapu la chakula cha safari, akatoa yai la kuchemsha, akalimenya taratibu, akaliweka kwenye leso. Akamenya la pili. Alipomaliza la tatu akasema, "Twendeni zetu baharini." Sikufichi, nilifurahi. Niliwasha gari haraka kama mwizi. Tulikuwa tumefika njia ya kutokea aliponipigia kelele nisimame.

"Mama, amua basi! Petroli nainunua!"

"Na wewe ukiendelea kunifokea nitakwenda kwa miguu mpaka Krynica!"

Akashuka, yai mkononi, akaenda. Hakutazama mabanda wala minara. Aliulizia ofisi ya kumbukumbu, nasi tukamfuata nyuma kama watoto walioitwa na mwalimu.

Ofisini alikuwepo binti mmoja, penseli imechomekwa kwenye nywele. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa na mji, akatuomba tukae, akaingia chumba cha ndani. Alikaa sana. Leokadia akagundua bado ameshika yai, akanipa mimi. Sikujua nilifanyie nini, nikalila. Danuta alinitazama kama anayefikiria talaka.

Binti akarudi na karatasi, akaisoma polepole. Alojzy Czapiewski. Fundi wa matandiko, kutoka Skórcz. Aliletwa Septemba 1939. Alifariki tarehe kumi na moja Februari, mwaka uliofuata.

"Ashukuriwe Mungu!" Leokadia alipaza sauti, mikono juu. Kisha akajiziba mdomo, akatutazama mmoja mmoja, uso umemwiva. Alikuwa amemshukuru Mungu kwamba baba yake alifia kambini.

"Usione haya, bibi," binti alimwambia. "Hapa watu husema kila kitu."

"Ndugu wa karibu... kaandikisha nani?"

"Mke. Wiktoria." Akaangalia tena. "Na binti, Leokadia."

Tulitoka nje. Aliketi kwenye benchi karibu na gari akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akawa anacheka, na mimi nilihisi kifua changu kimefunguka pia, ingawa mtu yule sikumjua hata kwa picha. "Hakutuacha," alikuwa akimwambia Danuta. "Unasikia, Danka? Hakutuacha!"

Ndipo nikatambua jambo lililonitia aibu. Mwanamke huyu alikuwa yatima tangu utotoni, na hakuna mtu Skórcz aliyewahi kumpa pole, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kama kuna msiba. Mimi naye tulijua kutaniana tu. Nikavua kofia, nikasimama mbele yake.

"Pole sana, Mama," nikamwambia. "Pole kwa kufiwa na baba."

Alijifuta uso kwa upindo wa gauni, akanipa mkono kama mfiwa anavyompa mkono mtu aliyetoka mbali kuja mazikoni.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nimeshapoa."