Kanzu za Ijumaa na Diski za Kibiti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule nilimkasirikia kila mtu, wakiwemo mafundi wa mnara wa mtandao na mawingu ya mvua. Kampuni yetu ya kununua kambamiti, mojawapo ya zile zilizoletwa na soko huria, ilikuwa na diski zake kubwa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha na diski nyingine Kibiti, ili kila kilichoandikwa kule kinakiliwe huku, kikisafiri vipandevipande kwenye njia ileile ya mtandao iliyobeba barua pepe zetu. Dar ingeungua, habari za mizigo yote ya kambamiti wa Salale, kule delta ya Rufiji, tungekuwa nazo sisi.

Bosi alisema wazi kwamba kiungo hicho cha mtandao kikitulia nitabaki Kibiti kukilea, kisipotulia ofisi inafungwa, narudi Dar. Nami nilitaka kubaki. Mama alikuwa peke yake Mohoro, safari fupi toka Kibiti, na nilishachoka kuwa binti wa kwenye simu.

Adui yangu alikuwa Ijumaa. Wiki nzima kiungo kinapiga kazi kama punda, Ijumaa kabla ya adhuhuri kinakatika, kinarudi, kinakatika tena. Diski zikishapotezana hivyo zinaanza kunakili upya toka mwanzo, na kwa wembamba wa njia ile, tunamaliza Alhamisi. Kila Ijumaa nilisimama chini ya mnara, macho juu, nikigombana na mafundi kwa simu mpaka wakaacha kupokea.

Ijumaa moja mvua ikanikimbizia ndani. Chumba cha diski kilinukia nguo iliyopata moto. Wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na kanzu yake mkononi, na mlinzi wetu ameinama mezani anapiga pasi. Waya wa pasi ulichomekwa kwenye betri zangu za akiba, zilizolisha diski na kiungo. Kila pasi ilipovuta umeme, kifaa cha kiungo kilizimika.

"Mjomba, ndiyo nini hiki?"

"Mwanangu, umeme wa nje unakwenda unarudi. Huu wa humu haukatiki. Tukasimame mbele ya Mola na makunyanzi?"

Nilijiandaa kufoka, kikatoka kicheko, nikacheka hadi nikakaa sakafuni. Kisha nikaenda sokoni, nikanunua pasi ya mkaa, nikaiweka barazani.

Ijumaa iliyofuata bosi alikuja kukagua. Akaangalia nakala, zote zimetimia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akatoa kwenye mkoba kanzu iliyokunjamana kwa safari, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli umeme wa chumba kile haukatiki. Nikamwonyesha baraza. Akasimama nyuma ya mlinzi, akingoja zamu yake ya mkaa.

Jumamosi nilikwenda Mohoro bila kupiga simu. Mama alinikumbatia, akauliza, kama alivyouliza siku zote kabla sijatua mzigo, narudi Dar lini.

Nikamwambia sirudi.