Nilivyomharibia Mwende run-up yake ya kriketi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii kitu nimekaa nayo miaka kadhaa bila kumwambia mtu. Jina la msichana nimebadilisha, mengine nayaleta vile yalitokea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kitui kaskazini, upande wa Tseikuru. Kriketi nilijifunza nikiwa college Nairobi, nikaileta shuleni na bat mbili za kuazima. Watu walicheka sana. Huku tunajua football na volleyball.

Halafu akatokea Mwende, mwanafunzi wangu.

Kwa wasiojua huu mchezo: anayerusha mpira hukimbia hatua kadhaa kwanza, hiyo ndiyo run-up, kisha anauachilia mkono ukiwa umenyooka. Mguu wa mbele ukivuka mstari, hiyo ni no-ball, mpira hauhesabiwi.

Run-up ya Mwende ilikuwa vituko. Hatua ndogo ndogo, moja kubwa, anaruka kidogo, na mpira unatoka akiwa amekanyaga mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Lakini ulikufikia kabla hujajipanga. Hata mimi nikishika bat kuupiga, alikuwa ananitoa mchezoni kila siku.

Akiwa Form Four nikasikia chuo fulani Nairobi kinafanya trials za kriketi. Wasichana watakaochaguliwa wanasomeshwa bure. Mama yake alikuwa na mbuzi wachache tu, na ukame ulikuwa umewapunguza. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya pekee.

Nikaingiwa na wasiwasi kwamba makocha wa hicho chuo wataona ile run-up wamcheke. Nikaangalia video za kufundisha weekend nzima, nikachora alama za chokaa uwanjani. Hatua tisa, zote sawa, amalizie na kushoto.

"Mwalimu, nikihesabu hatua mkono unachelewa," aliniambia wiki ya kwanza.

"Utazoea."

Wiki ya tatu akarudi. "Mwalimu, naomba nirushe na yangu tu."

Nikamwambia hiyo yake itamuumiza mgongo. Wakuu, sikuwa na ushahidi wowote. Ukweli ni kwamba sikutaka waulize kocha wake ni nani halafu nione aibu.

Mwende ni mtoto wa heshima. Akaendelea kuhesabu.

Siku ya trials mpira wa kwanza ulikuwa no-ball. Wa pili pia. Wa tatu akakimbia hadi katikati, akasimama, akarudi kuanza upya. Akasimama tena. Niliona midomo yake ikihesabu.

Nikapiga kelele, "Rusha na yako! Rusha vile ulikuwa unarusha!"

Akanigeukia. Ule uso bado nauona. Akajaribu, miguu ikagongana, akaanguka kwa magoti. Wakamshukuru kwa kuja, wakaita mwingine.

Tuliporudi hakunilaumu hata kidogo. Kwa mama yake alisema, "Nilishindwa tu, mama." Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na sikufungua mdomo.

Mwaka jana niliingia agrovet moja Mwingi, duka la dawa za mifugo, kununua dawa ya kupe, nikamkuta ndiye anauza. Akanisalimia vizuri, akauliza watoto wangu wanaendeleaje.

Nikamwambia, "Mwende, nilikukosea. Ile run-up yako haikuwa na shida. Shida ilikuwa mimi."

Akasema, "Nimewahi kujaribu kuirudisha, mwalimu. Huku nyuma ya duka, kukiwa hakuna watu. Sikumbuki nilikuwa naanza na mguu gani." Kisha akauliza, "Uko na video yangu ya zamani?"

Sikuwa nayo. Nilizokuwa nazo zote nilirekodi baada ya kumbadilisha, nikitaka kuona maendeleo.

Akanifungia dawa, akanielezea vipimo.

Somo nililopata: mtu akifanya kitu vizuri kwa njia usiyoielewa, muulize kwanza anafanyaje. Na akikwambia njia yako inamkataa, msikilize.

Walimu na makocha mlio humu, kuna aliyewahi kumharibu mtu akidhani anamsaidia? Ulifanya nini baadaye? Nasoma zote, hata za kunichapa.