Chumba cha pumu cha bibi kilivyotaka kulipiwa kodi ya mke wa pili

Wakuu, tulieni kidogo mnisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa binti mdogo, kijijini Zinga, miaka ya hamsini. Sitii chumvi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na pumu.

Jiko letu lilikuwa ndani ya nyumba, tunapikia kuni na makumbi ya nazi. Moshi ukianza, kifua cha bibi kinapiga filimbi.

Mganga wa zahanati akamwambia baba amjengee mama yake chumba mbali na moshi, chenye madirisha makubwa. Baba akakijenga uani, udongo na makuti.

Hapa vijana niwaeleweshe taratibu. Enzi hizo kodi ilihesabiwa kwa nyumba. Mwenye wake wawili ana nyumba mbili, basi analipa mara mbili. Baba hata ile moja aliipata kwa taabu. Akidaiwa ya pili, maana yake ni kukibomoa chumba, bibi arudi kwenye moshi.

Karani wa kodi akaja na jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Akakiona chumba, akatabasamu.

"Hongera, bwana. Mke mdogo yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni na mimi. Akaacha kukoroga.

Baba akajibu, "Hiyo ni dawa, karani."

"Dawa yenye mlango na kitanda?"

Bibi akatoka taratibu, ameshika ukuta. "Mke mdogo ndiye mimi. Nitazame vizuri, mwanangu, usije ukasema nimefichwa."

Jumbe alicheka mpaka akavua kofia. Karani hakucheka. Akasema mzee mgonjwa husamehewa, ila lazima ahakikishe kwamba nyumba kubwa kweli haimfai. Akaingia nyumba kubwa kukagua.

Sasa mama bado ana lile neno la mke mdogo moyoni. Akatupa makumbi mabichi motoni, akaniambia, "Pepea."

Nikapepea.

Karani alitoka machozi yanamtiririka, akajitupa kwenye kitanda cha bibi, karibu na dirisha. Bibi akampa maji. "Pole, baba. Sasa wake wadogo tuko wawili."

Karani alipopata pumzi akamwambia jumbe, "Hiki hakihesabiwi."

Nilichojifunza: mkaguzi huona ukuta, ugonjwa hauoni mpaka aonyeshwe. Nasi tulibahatika tu kwamba mama alikasirika.

Mliowajengea wagonjwa wenu njia ya kiti cha magurudumu au choo cha ndani, tuambieni kodi ilikuwaje.

Na wewe unayetaka kuanza, chukua kwanza barua ya daktari, nenda nayo ofisi ya kodi, uliza kama kuna msamaha, ndipo umwite fundi.