Mama Mkwe na Kijiko cha Mtoto

Baada ya miaka mingi ya kuzurura, nimerudi Kasulu, na mwanangu Neema wa miezi sita ndiyo kwanza anaanza kula. Mama mkwe alikuja kumpondea viazi na maharage. Kila akiingia jikoni alifunga mlango, na akitoka alikuwa anafuta midomo. Utotoni mwangu hapa hakuna aliyejifungia jikoni. Nikashuku anakula chakula cha mtoto.

Jana nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia dirishani. Kijiko kilikuwa mdomoni!

“Mama, nimekuona!”

Alijifunika uso kwa kitenge. Mke wangu alikuwa nyuma yangu.

“Baba Neema, anaonja kama chakula kimepoa. Mlango anaufunga kwa sababu ya mila, ili wewe mkwe wake usimwone akitafuna. Sasa nani atamwambia baba yangu umemchungulia mkewe?”