Aliyenipigia Hodi Kwenye Mikorosho

Wapo watakaosema nimetunga. Waseme tu. Mie nilikuwepo, nina akili zangu timamu, saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka, na sikuwa nimeonja kitu chochote kikali kuliko soda. Yalinikuta huku nyuma ya Kunduchi, kwenye uwanja wetu wa gofu ya visahani.

Najua, unajiuliza ndiyo gofu gani hiyo. Badala ya mpira na fimbo, unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kapu la chuma lenye minyororo, lililofungwa kwenye nguzo. Anayerusha mara chache ndiye mshindi. Uwanja wetu una vituo kumi na viwili, na vingi vimepita katikati ya mikorosho na mikaratusi, kwa hiyo ugomvi wako mkubwa ni na miti. Mie nilikuwa mchezaji wa kati. Mgeni wa mchezo siyo, bingwa pia siyo. Miaka mitatu nilikaa hapo hapo, kila Jumamosi nagonga miti ile ile, mpaka rafiki yangu Murtaza, mwenye duka la vipuri kule Kipawa, akawa ananiuliza kama nimeiposa.

Sasa, timu yetu ilikuwa iende kushindana Arusha na ilibaki nafasi moja. Waliokuwa wanaigombea ni mie na huyo huyo Murtaza, na mechi ya kuamua ilipangwa Jumamosi. Nakwambia ukweli, niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo kazini. Ijumaa nikatoroka ofisini mapema, nikaenda kufanya mazoezi peke yangu.

Kituo cha saba kimejikunja. Ukisimama pa kurushia, hulioni kapu. Ili tusipasuane vichwa tumejiwekea desturi: kabla ya kurusha unapiga hodi. Kama kuna mtu mbele atakujibu "Bado!" au, akishapisha njia, "Karibu!" Ukisikia kimya, unarusha. Siku ile uwanja ulikuwa mtupu, lakini mdomo umeshazoea. Nikapaza sauti, "Hodi!"

"Karibu!" sauti ya mwanamke ikajibu.

Nikarusha. Kisahani kikagonga mkorosho, paa, kama kawaida yake. Nilipokifuata nikamkuta mama mmoja wa makamo, umri kama wa mama yangu mdogo, gauni la kitenge, hana viatu, amekishika. Unangoja nikwambie nilitazama miguu nikaona kwato, sivyo? Hakuna kwato. Ilikuwa miguu ya kawaida kabisa, na vumbi juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaipenda miti wewe!"

"Yenyewe ndiyo inanipenda, mama."

Akacheka. "Unaitazama mno, ndiyo maana unaigonga. Tazama penye uwazi. Hebu sogea."

Akarusha. Jamani! Nimeangalia sana video za watu wanaoishi kwa mchezo huu, sijawahi kuona kitu kama kile. Kisahani kilimtoka mkononi bila haraka, kikapita kati ya mikorosho miwili, mahali ambapo mie nisingethubutu kupitisha hata jiwe, kikainama kushoto, kikanyooka, kikainama tena kulia, halafu kikaingia kapuni kimya kimya. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana minyororo ile ikiguswa kidogo tu inalia. Sikushtuka. Nilikuwa nimeachama mdomo kama mtoto aliyepelekwa kwenye mazingaombwe.

Tukacheza pamoja vituo vyote vilivyobaki. Majani makavu ya mikorosho yalilia chini ya viatu vyangu, kra, kra. Chini ya miguu yake hayakulia. Niliona, niseme uongo? Nilijua kabisa natembea na mtu ambaye si mtu. Lakini niamini, uzuri wa ile mirusho ulishanimalizia woga. Kila aliporusha nilitaka arudie. Ningemfuata mpaka Bagamoyo kwa miguu.

Tulipomaliza kituo cha mwisho, mie nikatoka kwenye uwazi nilikoegesha pikipiki. Yeye akasimama kwenye kivuli cha mti wa mwisho, hakuvuka.

"Kesho una mechi," akasema. Mie sikuwa nimemwambia.

"Ndiyo, mama."

"Unaitaka hiyo nafasi?"

"Naitaka sana."

Akautazama mkono wangu wa kulia, polepole, kuanzia begani mpaka vidoleni, jinsi mpangaji anavyokagua chumba. Kisha akasema, taratibu tu, kwa adabu zote, "Hodi."

Wewe umelelewa wapi? Mie nimelelewa na bibi aliyekuwa ananichapa nikichelewa kumwitikia mgeni. Sikufikiri. Nikasema, "Karibu, mama."

Hapo kwenye kivuli hapakuwa na mtu tena. Mkono wangu ukaingiwa na ubaridi, ubaridi mzuri kama wa maji ya mtungini, ukapanda mpaka begani, ukatulia.

Jumamosi nilimshinda Murtaza kwa mirusho tisa. Watu walipiga makofi mpaka wakachoka. Murtaza mwenyewe alinikumbatia, akaniuliza, "Braza, siku zote hizi ulikuwa unatuficha?" Ule uzuri niliuona tena, safari hii unatoka mkononi mwangu, na mie nimesimama pembeni yake kama mtazamaji. Kituo cha saba nilifumba macho makusudi, nikajaribu kuupeleka mkono upande usio wake. Ukakataa. Kisahani kikaingia kapuni, na watu wakashangilia zaidi. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu nafasi niliyoitaka kiasi kile alikuwa ameipata mwingine, siyo mie.

Arusha alikwenda Murtaza. Nilimwambia bega linaniuma, akanipa pole na kuniletea dawa ya kuchua.

Tangu hapo narusha kwa kushoto. Nimeanza moja. Mkono wa kulia, nikifika kwenye mikorosho, nautia mfukoni, maana huwa unajiinua wenyewe. Yule mama sitamsema vibaya, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutakosana. Aliniuliza, nikamjibu. Na sijaona, wala sitegemei kuona tena, mtu anayerusha vile.

Lakini wewe unayenisikiliza, hasa kama umechoka kuwa wa kati na unapendaga kufanya mazoezi peke yako: ukipigiwa hodi mahali pasipo na mlango, nyamaza. Waseme hukufunzwa adabu kwenu, nyamaza tu.

Wiki iliyopita nilimaliza kituo cha kwanza kwa mirusho minane, kwa kushoto. Minane! Kituo ambacho hata wanaoanza wanakimaliza kwa mitano. Wenzangu waligeuza nyuso ili wasinione nikiaibika. Mie niliruka juu, nikapiga kelele, nikalishika lile kapu kwa mkono mmoja nikalitikisa, kwa sababu yote minane ilikuwa yangu.