Mstari wa Nukta

Mpaka leo nikisikia harufu ya mbaazi mbichi zikimenywa, nakasirika. Mwaka ule mvua ilitukumbuka huku Kathonzweni, mbaazi zikazaa kupita kiasi, na kila alasiri nilikaa na susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, ungo katikati yetu, kucha zimegeuka kijani. Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja nilirudi shuleni nikilia kwa sababu watoto walikuwa wakinivuta nywele, wakisema ni laini kama za mbuzi. Susu akanihurumia, akaniambia jambo ambalo hakupaswa kumwambia mtu. Si yeye aliyemzaa Baba. Baba aliletwa na mfanyabiashara wa ng'ombe, Msomali kutoka kaskazini, aliyeugua akafia kwetu na kuacha mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Babu akamchinjia mtoto mbuzi mbele ya wazee wa ukoo, nyama ikaliwa, na tangu siku hiyo ikawa mwiko kwa mwanaukoo yeyote kutaja alikotoka. Baba mwenyewe alijua, wazee walijua, na maneno yakaishia hapo. "Sasa nyamaza," susu akaniambia, "na usiniangushe."

Msimu uo huo akaja Daktari, mama wa Kizungu aliyekuwa akichunguza makabila na jinsi watu wanavyohama. Aliposema ni daktari, kina mama walimpangia foleni na watoto wenye kikohozi, maskini, hata yeye aliona haya. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kitamu, cha kututia aibu sisi tunaokikokota. Susu alijua Kikamba tu, kwa hiyo nikafanywa mkalimani, nami nikavimba kichwa ajabu. Daktari alipouliza habari za wanawe, susu alijibu bila kupepesa macho: "Wote watano nimewazaa mimi." Nikatafsiri vizuri. Lakini nilipokuwa nikimsindikiza Daktari barabarani, akanisifu, akasema, "Sijawahi kuona msichana mwerevu kama wewe." Loo, ulimi wangu! Nikamwambia, "Susu amekuficha. Baba ni wa Wasomali." Akasimama pale pale, akaandika.

Sikatai kwamba alikuwa mtu mwema. Kabla ya kuondoka aliita watu kanisani awaonyeshe kazi yao, akabandika ukutani karatasi kubwa yenye koo zetu. Hakuandika majina, namba tu, akiamini amewalinda watu. Mwanakijiji gani asiyeweza kuhesabu watoto wa jirani yake? Wana wanne wa susu walishuka kutoka kwake kwa mstari uliokolea. Wa tatu, Baba, alishuka kwa mstari wa nukta. Mtu mmoja akauliza nukta ni za nini, na Daktari akaeleza kwa Kiswahili chake kitamu: huyu alitoka kwingine. Kanisa zima likageuka kumtazama Baba, aliyekuwa ameketi na wanakwaya wenzake.

Wapimaji wa ardhi walikuwa wamekwisha kufika, na shamba la marehemu Babu lilikuwa likigawanywa. Baba mkubwa, kaka yake Baba, hangethubutu kuvunja mwiko mwenyewe. Sasa hakuwa na haja. "Si mimi niliyesema," aliwaambia wazee akitabasamu, "ni karatasi." Wazee waliomla yule mbuzi walikuwa wamebaki wawili, wamechoka, na Baba akaachwa nje ya mgawo. Jioni akamwendea susu jikoni. Nilikuwepo. Akauliza, "Mama, ni wewe ulimwambia yule mgeni?" Susu alinitazama kidogo tu, kisha akarudisha macho kwenye chungu. "Ni mimi," akasema. "Uzee, mwanangu." Mimi nikainamia ungo, nikaendelea kumenya mbaazi. Baba aling'oa mabati ya nyumba yetu, akatuhamishia Kiboko kando ya barabara kuu, tukapanga chumba kimoja. Susu alipofariki Baba hakwenda kumzika.

Siku hizi nafundisha Nunguni, na vijana wa chuo wanakuja shuleni na simu zao kuuliza watoto wa darasa la nne kabila na asili ya wazazi. Wanasema majina hayataandikwa. Nawafukuza, nao wananiona mama mkali asiyependa elimu. Sawa tu. Zamani mbuzi mmoja alitosha kumfanya mtu kuwa wa kwetu. Siku hizi hata kitambulisho hakimtoshi: alipokwenda ofisini kukibadilisha, Baba aliulizwa babu wa babu yake ni nani, naye Baba hata ndoto anaota kwa Kikamba. Anaishi kwangu sasa. Asubuhi tukikaa kibarazani huniambia, kama mtu anayeongea na miguu yake, "Yule mama aliniuza, Mwende. Mama yangu mwenyewe." Nami, mwalimu mzima, mama wa watoto watatu, humjibu, "Kunywa chai, Baba, itapoa."