Tumbo Lililoungua Ndani

Kama unachukia maneno ya choo, usisome, maana mimi sina mengine. Kansere ya kizazi walinichomea kule Kampala, kwa mashine ya miale. Moto wake hauonekani. Nikarudi Kindu nimepona, nikauza samaki wa mto pale mutaa wa Kasuku, miaka ikapita. Kumbe ule moto ulibaki ndani, unakula matumbo polepole.

Siku moja tumbo likafunga. Hewa haitoki, choo hakitoki, natapika kijani. Munganga wa hospitali akasema, «Mama, kipande cha utumbo kimeungua. Nikikata na kushona palepale, uzi hautashika. Nitatoa ncha ya utumbo usioungua inje, kwenye ngozi, choo kiingie ndani ya mufuko. Ukikataa, utakufa.»

Nikakataa. Sisi ni Waislamu: choo kikitoka chenyewe, udhu iko wapi, nitaswali namna gani? Lakini nisifiche, kulikuwa na kingine. Wakati wa vita, tukikimbia kwa njia ya Kalima, tulimukuta mwanaume wa risasi ya tumbo. Ameshika matumbo yake kwa mikono yote, polepole, kama muntu amebeba mutoto mwenye kulala. Akaniambia, «Dada, niangalilie kama yametoka yote.» Sikumujua. Tangu pale sijapasua samaki hata mumoja. Wa kupasua njo wifi yangu, dada ya mume wangu.

Huyo wifi akanicheka palepale kitandani. «Unaogopa nini? Wazungu wameingiza choo ndani ya nyumba. Wewe umewapita, utatembea nacho!»

Nilicheka, nikatapika tena. Akatoka mbio kwa mwalimu wa musikiti, akarudi anahema. «Amesema mugonjwa wa namna hii anatawadha kila swala ikiingia, anaswali, hata kikitoka. Wifi, unakubali, ao nianze kutafuta sanda?»

Nikakubali. Kwenye meza ya kupasuliwa, yule mwanaume wa njia ya Kalima alisimama nyuma ya munganga. Watu wanasema ni dawa ya usingizi. Hapana. Dawa walikuwa bado kunipa.

Kuamka, tumbo iko na kinywa, chekundu, chenye majimaji. Nguvu iliporudi kidogo, wifi akanitawadhisha. Nikaswali nimekaa, kuinama siwezi. Katikati ya Fatiha nikasikia joto: mufuko unajaa. Sauti ikanikatika.

«Endelea,» wifi akanong'ona nyuma yangu.

Nikaendelea, na tumbo likiongea chini ya sauti yangu.